Barua za wasomaji: Nani atamwandikia mwenzake?

Tangu tulipogusia tuzo ambazo wakfu za hisani huwapa watu binafsi kila mwaka, barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechukua zile zinazouliza ambayo wengi wameyauliza. Kabla ya kuandika ukurasa huu nilikuwa katibu wa jopo la tuzo katika wakfu mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupokea mapendekezo, kuyasoma kabla hayajafika kwa majaji, na kupiga simu pale palipokuwa na shaka. Nitakayoyasema yanatoka kwenye meza ile.

Kila nikitafuta fomu siioni

*Ndugu mhariri, mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mimea. Wenzangu wananihimiza niombe tuzo moja kubwa ya kimataifa, lakini kila nikitafuta fomu ya maombi siioni. Je, tuzo hizi zina wenyewe?*

Fomu huioni kwa sababu haipo. Tuzo nyingi kubwa hazipokei maombi ya mhusika mwenyewe. Anayejipendekeza kwa Tuzo ya Nobel hafikiriwi kabisa, na wanaoruhusiwa kupendekeza wametajwa kwenye kanuni: washindi waliotangulia, maprofesa walioalikwa, na kwa tuzo ya amani hata wabunge na mawaziri wa nchi mbalimbali. Mapendekezo hufungwa 31 Januari.

Wakfu wa MacArthur wa Chicago, ambao ulianza kutoa tuzo zake mwaka 1981, umefunga mlango zaidi ya hapo. Wenyewe ndio huwaalika wapendekezaji, na majina yao hubaki siri. Anayechunguzwa hana habari. Huenda barua kumi na zaidi zimeandikwa juu yake, watu wanaoijua kazi yake wameulizwa, naye yuko kwenye shughuli zake mpaka siku anapopigiwa simu na kuambiwa kwamba atapewa dola 800,000 kwa miaka mitano. Tuzo hiyo ni ya raia na wakazi wa Marekani pekee, basi kama hukai huko usiihangaikie.

Upande wa pili wapo wanaofungua milango. Right Livelihood, tuzo iliyoanzishwa mwaka 1980 na Jakob von Uexkull, hupokea mapendekezo kutoka kwa mtu yeyote. Global Teacher Prize ya Wakfu wa Varkey humruhusu mwalimu kuomba mwenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma kanuni za tuzo unayoitaka, hasa ule ukurasa wa nani anaruhusiwa kupendekeza. Ukikuta kwamba huwezi kujiombea, mtafute mtu anayeijua kazi yako kwa undani, umwombe waziwazi akuandikie. Si utovu wa adabu. Wengi walioshinda wakati wangu walipendekezwa na mtu aliyechukua wiki nzima kuandika, na mtu huyo hakushushiwa wazo hilo na malaika.

Mimi napenda milango iliyo wazi. Najua ina gharama, kwa maana inaleta rundo la karatasi, na nyingi hazina kitu. Lakini mpendekezaji wa siri huwaona wale ambao tayari wanaonekana: waliohudhuria mikutano ileile, waliochapisha kwenye majarida yaleyale. Anayefanya kazi nzuri mbali na duru hizo hukosa wa kumtaja. Mlango ukiwa wazi, mwanafunzi wake anaweza kumtaja.

Fundi wangu hana vyeti

*Shikamoo mama. Nataka kumpendekeza fundi aliyenifundisha kutengeneza miguu bandia. Hakusoma sana na hana cheti cha maana. Fomu inataka maelezo ya kurasa mbili. Niandike nini?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma kwa furaha, nami nitaijibu kwa urefu.

Anza kwa kufuta sifa zote. Mchapakazi, mnyenyekevu, mwenye maono, kioo cha jamii: kila pendekezo lililopita mikononi mwangu lilikuwa na maneno hayo, na majaji walikuwa wakiyaruka. Hawayadharau. Tatizo ni kwamba hayamtofautishi mtu yeyote na mwingine. Jaji anayesoma mafaili mengi kwa siku moja anatafuta kitu kimoja: kabla ya mtu huyu hali ilikuwaje, na baada yake imekuwaje?

Andika hilo kwa vitendo. "Amewasaidia walemavu wengi kutembea" haimwachii jaji chochote cha kushika. Lakini ukiandika kwamba kabla yake mguu uliovunjika kifundo ulirudishwa kiwandani na mwenyewe akasubiri kwa miezi, na kwamba yeye alibuni kifundo ambacho fundi yeyote wa baiskeli anaweza kukifungua na kukibadilisha akiwa na spana mbili, basi jaji ameona. Eleza alifikiaje wazo hilo. Eleza alichojaribu kikashindikana, kwa kuwa kushindwa kunaonyesha kwamba mtu alikuwa anatafuta jambo gumu. Taja mwaka. Taja ni mafundi wangapi wanatumia njia hiyo leo bila yeye kuwa karibu. Kipimo hiki cha mwisho majaji wengi wanakipa uzito sana: kazi iliyoweza kuondoka mkononi mwa mwanzilishi wake ikaendelea.

Mashahidi wawe watu wasiomdai wala kudaiwa naye. Barua ya mke, ya kiongozi wa dini, ya ofisa aliyepiga naye picha, hizo ziache. Mtafute daktari wa mifupa aliyewahi kubishana naye kisha akakubali. Mtafute mtu anayetembea kwa mguu alioutengeneza, aeleze anapanda ngazi vipi. Kama yupo fundi mwingine anayeshindana naye na yuko tayari kusema ukweli, barua yake ina thamani kuliko zote. Nakumbuka faili moja ambamo mshindani aliandika ukurasa mzima wa mambo asiyoyapenda kwa mwenzake, halafu akamalizia kwa kusema kwamba yeye mwenyewe sasa anatumia njia yake. Majaji hawakuhitaji kusoma zaidi.

Usiandike kwamba anastahili kwa sababu ni maskini. Naelewa kwa nini watu huandika hivyo. Wanampenda na wanaona anavyohangaika. Lakini tuzo ya mafanikio si msaada, na ukiigeuza kuwa msaada unamshusha mtu uliyetaka kumpandisha. Umaskini wake uutaje pale tu unapoeleza kazi, kwa mfano kwamba alikosa mashine ya kukunja chuma ndipo akabuni njia ya kuikunja kwa moto.

Kuhusu vyeti, soma kanuni, maana tuzo chache za kitaaluma huvidai. Nyingine hazina habari navyo. Mchukue Diébédo Francis Kéré, aliyezaliwa katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Shule ya msingi aliyowajengea watu wa kijiji chake ilimalizika mwaka 2001, yeye akiwa bado mwanafunzi wa usanifu majengo nchini Ujerumani. Ilijengwa kwa matofali ya udongo, na wanakijiji wenyewe walishika kazi. Bati lake limeinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto itoke na darasa lipoe. Mwaka 2004 jengo hilo lilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na mwaka 2022 Kéré akapewa Tuzo ya Pritzker, ambayo haina ya kuizidi katika fani yake. Angalia ninavyoweza kukueleza kazi yake kwa kutaja udongo, bati na hewa, bila kutaja shahada. Barua ya fundi wako iwe hivyo.

Kisha mpe mtu asiyejua lolote kuhusu miguu bandia aisome. Atakapokwama, andika upya hapo.

Kazi ya wengi, jina la mmoja

*Mhariri, kazi tuliifanya watu wanane kwa miaka mingi. Mkuu wetu akapewa tuzo, akapanda jukwaani peke yake, akashukuru familia yake. Mimi na wenzangu tumeumia. Je, hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa?*

Hapana, sivyo, na maumivu yenu yana haki. Tuzo ya mtu binafsi ina kasoro hii tangu ilipoasisiwa, nami sitaitetea.

Kanuni za Nobel haziruhusu tuzo moja kugawanywa kwa zaidi ya watu watatu. Mwaka 2017 tuzo ya fizikia ilikwenda kwa Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne kwa ugunduzi wa mawimbi ya mvutano, ilhali makala iliyoutangaza ilikuwa na waandishi zaidi ya 1,000. Mwaka 1991 Tuzo ya Pritzker alipewa Robert Venturi peke yake, wakati Denise Scott Brown, mkewe na mshirika wake katika ofisi moja, alikuwa amesanifu na kuandika pamoja naye kwa miaka mingi. Mwaka 2013 wanafunzi wa kike wa usanifu katika Chuo Kikuu cha Harvard walianzisha ombi la kutaka atambuliwe, na maelfu wakalitia saini, Venturi mwenyewe akiwamo. Jopo lilijibu kwamba halina uwezo wa kufungua uamuzi wa jopo lililopita. Nilipolisoma jibu lile nilisikitika, kwa sababu kanuni hutungwa na watu na watu wanaweza kuzitengua.

Jocelyn Bell Burnell naye alikuwa mwanafunzi Cambridge mwaka 1967 alipoona kwenye karatasi za darubini ya redio alama za nyota za aina mpya, zile ziitwazo pulsa. Mwaka 1974 Nobel ya fizikia ilikwenda kwa msimamizi wake Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwaka 2018, Bell Burnell alipewa tuzo maalumu ya Breakthrough yenye dola milioni 3, akazitoa zote ziwe ufadhili wa wanafunzi wa shahada ya uzamivu wa fizikia kutoka makundi ambayo hayana watu wengi katika fani hiyo.

Mshindi anaweza kurekebisha sehemu ya kasoro hii akitaka. Ranjitsinh Disale, mwalimu wa India aliyeshinda Global Teacher Prize mwaka 2020, alichukua nusu ya dola milioni 1 akawagawia walimu wengine tisa waliofika naye mwisho. Mkuu wenu naye angeweza angalau kutaja majina manane jukwaani. Kusema majina hakuchukui hata dakika moja.

Mnaweza kuuandikia wakfu uliotoa tuzo. Msiombe mshindi avuliwe, ombeni maelezo rasmi ya tuzo yataje kazi ya timu, na ambatisheni ushahidi wa nani alifanya nini. Kwa uzoefu wangu ombi la namna hiyo husikilizwa mara nyingi kuliko lalamiko. Na kwa yeyote anayeandaa pendekezo sasa, majina ya wenzake yaandike humo kabla halijatumwa, kwa sababu maelezo yanayosomwa siku ya sherehe kwa kawaida hukatwa kutoka kwenye barua ya mpendekezaji. Jina lisilokuwamo kwenye barua halitakuwamo kwenye hotuba.

Pesa na masharti

*Hizi pesa zinatoka wapi kila mwaka bila kuisha? Na anayepewa hudaiwa nini?*

Haziishi kwa sababu kinachotolewa ni faida, mtaji unabaki. Alfred Nobel alitia saini wosia wake Paris mwaka 1895, akafariki mwaka uliofuata, na aliacha zaidi ya kroni milioni 31 za Uswidi ziwekezwe ili faida yake igawiwe kila mwaka. Baadhi ya ndugu zake waliupinga wosia, na tuzo za kwanza zikatoka mwaka 1901. Tangu mwaka 2023 kila tuzo ina kroni milioni 11. Wengine walianza kwa kidogo zaidi. Von Uexkull niliyemtaja juu aliuza mkusanyo wake wa stempu za posta, baada ya Wakfu wa Nobel kukataa ombi lake la kuongeza tuzo za mazingira na za kupambana na umaskini.

Masharti hutofautiana. Wakfu wa MacArthur hauulizi pesa imetumikaje na hautaki ripoti. Wakfu wa Balzan humtaka mshindi aweke nusu ya pesa kwenye miradi ya utafiti, hasa itakayowashirikisha watafiti vijana. Mimi nimewaona washindi wa aina zote mbili, na nasimama na wasioweka masharti. Mtu aliyethibitisha kwa miaka 20 kwamba anajua la kufanya, mwache afanye. Kuna aliyelipa deni la nyumba kwanza, akaacha kazi ya jioni, na saa zile za jioni ndizo zilizozaa utafiti wake bora. Ripoti ya matumizi ingemwonyesha kama mtu aliyelipa deni tu.

Uliza pia kuhusu kodi kabla ya kupanga matumizi. Nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1986, tuzo za namna hii hutozwa kodi ya mapato isipokuwa mshindi akiielekeza yote kwenye shughuli za hisani.

Mwaka usio na mshindi

*Kuna tuzo hutangaza kwamba mwaka huu hakuna aliyestahili. Si dharau hiyo?*

Mimi naona ni heshima kwa waliokwisha kuipata. Tuzo ya Mo Ibrahim ya uongozi barani Afrika, yenye dola milioni 5 zinazolipwa kwa miaka 10, ilimpata mshindi wake wa kwanza mwaka 2007, Joaquim Chissano wa Msumbiji, na wa pili mwaka 2008, Festus Mogae wa Botswana. Mwaka 2009 na 2010 haikutolewa, na imepita miaka mingi mingine bila mshindi. Kipimo kiliachwa palepale: kiongozi aliyechaguliwa kidemokrasia, aliyeongoza vizuri na aliyeondoka madarakani muda wake wa kikatiba ulipokwisha. Wangeteua mtu kila mwaka ili sherehe isikose mgeni rasmi, leo nisingewataja.

Ujumbe wa ushindi

*Nimepata ujumbe kwamba wakfu mmoja maarufu umenichagua na natakiwa kulipia gharama za kutuma pesa. Nifanye nini?*

Usilipe, usitume namba ya akaunti wala nakala ya kitambulisho. Wakfu wa kweli haumtozi mshindi hata senti. Tafuta mwenyewe anwani rasmi ya wakfu huo, usitumie ile iliyo kwenye ujumbe, kisha waulize. Ukiwa umeshalipa, nenda benki na polisi leo.

Nimeandika, kimya

*Mama, nilimpendekeza mwalimu wangu wa zamani, mtaalamu wa lugha za ishara, miaka mitatu iliyopita. Sijajibiwa. Ana miaka 84. Nikate tamaa?*

Usikate. Kimya ni desturi ya majopo, si jibu. Nyaraka za mapendekezo ya Nobel hufungwa kwa miaka 50, na wakfu nyingine nyingi hazimwambii mpendekezaji chochote zaidi ya kwamba barua imepokelewa. Kuna zinazolibeba pendekezo hadi mwaka unaofuata, na kuna zinazolifuta kila msimu. Waulize wao ni wa aina gani, swali hilo hujibiwa.

Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Alipata Right Livelihood mwaka 1984, Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 1991, na Nobel ya Amani mwaka 2004. Peyton Rous alionyesha mwaka 1911 kwamba virusi vinaweza kusababisha uvimbe wa saratani kwa kuku, akapewa Nobel mwaka 1966 akiwa na miaka 87. Hao wote kuna watu waliowaandikia zaidi ya mara moja.

Lakini umri wa mwalimu wako unanifanya nikuhimize. Tuzo nyingi hazipewi marehemu. Gandhi alipendekezwa tena mwaka 1948, akauawa 30 Januari mwaka huohuo, na kamati ya amani haikumpa mtu tuzo mwaka ule, ikisema hakuna aliye hai anayefaa. Ralph Steinman alifariki siku tatu kabla ya kutangazwa mshindi wa Nobel ya tiba mwaka 2011. Aliachiwa tuzo kwa sababu tu waamuzi hawakuwa na habari ya kifo chake walipoamua.

Kwa hiyo barua ya zamani usiirudishe kama ilivyo. Ongeza yaliyotokea katika miaka hii mitatu: wanafunzi wake wanafundisha wapi sasa, kamusi au mitaala gani imetumia kazi yake, nani kaiendeleza. Tafuta shahidi mpya, ikiwezekana kiziwi aliyesoma kwa njia yake, naye atoe ushahidi kwa video ya lugha ya ishara yenye tafsiri ya maandishi kama wakfu unaikubali. Na usiishie kwenye tuzo ile moja. Pendekezo lililoandaliwa vizuri linaweza kupelekwa kwa wakfu tatu au nne kwa wakati mmoja, mradi kanuni zao hazikatazi. Ukimaliza rasimu niletee, nitaisoma kabla hujaituma.